Dawa ya Lori la Kijiji

Mama yangu alikula senene, na mimi nilimwona. Hilo ndilo jambo la zamani kabisa ninalolikumbuka bila kusimuliwa na mtu. Ilikuwa Maruku, msimu wa mvua, asubuhi yenye ukungu, na wanawake walikuwa wametoka tangu alfajiri kwenda kwenye rweya, yaani kule kwenye majani nje ya migomba, kuokota senene kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Siku hizo mwanamke wa Kihaya aliokota senene, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akamwekea mumewe. Yeye hakula. Ilisemwa kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene mwenyewe. Nami niliamini. Kwa nini nisiamini? Kila mtu aliamini.

Mama alikuwa na mimba wakati huo. Alikuwa anageuza senene kwenye chungu, akatazama mlangoni, asinione mimi niliyejibanza nyuma ya kuni, akatia mmoja mdomoni. Akatafuna polepole kama mtu anayesikiliza kitu. Halafu akatia mwingine. Tangu siku ile nikaanza kungoja.

Mtoto alipozaliwa nilinyatia chumbani, nikafunua nguo, nikamkagua kichwa. Kilikuwa mviringo kama chungwa. Nikapapasa nyuma, nikapapasa juu ya masikio. Hakuna kitu.

"Unatafuta nini?" mama akauliza.

"Chawa."

Akacheka, na nadhani alijua. Lakini hakuwaambia wanawake wenzake kitu, nami sikuwaambia wanaume, na msimu uliofuata mambo yakaendelea vilevile, hawa wanaokota, wale wanakula. Mpaka leo hilo linanishangaza. Mtu anaweza kuona kwa macho yake kwamba jambo si kweli, na bado akaendelea kuliishi.

Mtoto yule ndiye dada yangu, na habari hii ni yake. Nimeanza na senene kwa sababu nikianza na lori moja kwa moja kalamu itanishinda.

Shule nilikaa mpaka darasa la pili kwa mapadre, nikatolewa kwa sababu ya funza miguuni, na baba hakuona haja ya kunirudisha. Kusoma kwenyewe nilikuja kuzoea baadaye kwenye maandishi ya magunia ya kahawa. Kwa hiyo anayesoma hapa akikuta nimepotea njia, avumilie, nitarudi. Uhuru ulipokuja nilikuwa Bukoba mjini, nimetembea kwa miguu kutoka Maruku ili nione bendera, nami sikuona bendera, niliona migongo ya watu. Nilirudi nyumbani nikasimulia kama niliyeiona.

Dada alikua akawa mwanamke mfupi, mwembamba wa kiuno, mwenye mdomo. Nasema mdomo kwa mapenzi. Alikuwa anaweza kumtania hata katekista. Akaolewa na dereva, mtu wa Rubafu, mrefu, mpole, Mkatoliki kama sisi, aliyekuwa akimwendeshea gari tajiri mmoja wa pale mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Kwetu mume wa dada tunamwita mulamu, naye hutuita hivyohivyo, na mimi na mulamu wangu tulitaniana tangu siku ya kwanza hadi siku ninayokwenda kuieleza.

Udereva mulamu alijifunzia kwa yule tajiri, na pamoja na udereva alijifunza dawa. Ilikuwa inakuja kwenye kopo dogo lenye picha ya farasi, maandishi ya Kizungu pande zote. Tajiri alikuwa na desturi kwamba kila tanki likijazwa, kopo moja linamiminwa ndani ya petroli. Alisema linasafisha injini, linaongeza nguvu, linazuia vyuma kulika. Mulamu hakuwahi kumwona tajiri akikosea katika jambo lolote la biashara, basi akaamini na hilo. Ukimwona anamimina lile kopo, kofia ameivua, ungefikiri ni padre na kikombe.

Fundi mmoja wa pale mjini, mtu mnene mwenye kucha nyeusi, alikuwa akimcheka.

"Wewe," akamwambia siku moja nikiwepo, "ukiamka huumwi, unameza kwinini?"

"Simezi."

"Basi injini haiumwi. Ipe petroli safi, oili mpya, chujio lisafishwe. Hayo mengine ni maji ya bahati."

"Unasema hivyo kwa sababu si wewe unayeyauza."

"Ningekuwa ninayauza ningeyasifu kuliko wewe," fundi akasema, na wote tukacheka. Kisha akaongeza, na hili nalikumbuka kwa sababu hakuwa mtu wa kujidai: "Mimi sijui kilichomo ndani ya kopo. Labda huko yanakotoka yana kazi. Hapa sijaona gari lililopona kwa sababu yake, wala lililokufa kwa kuyakosa."

Sasa ukaja ujamaa. Wengine watakuambia walihamishwa kwa bunduki, wengine kwa ngoma. Sisi tulihama kwa kukosa ardhi. Kibanja cha baba kilikuwa kimegawanywa mpaka migomba ya ndugu mmoja inaangukia mlangoni kwa mwingine. Tukaambiwa Ngenge kuna nafasi, kule bondeni Muleba, kijiji kipya, shamba la pamoja. Tukaenda. Ardhi ilikuwepo kweli, ila ilikuwa nchi ya joto na mbung'o, migomba inakua kama inalazimishwa, mahindi ndiyo yanakubali. Kijiji kikapewa lori kuukuu la petroli, rangi ya bluu iliyochujuka, na kwa kuwa lori bila dereva ni banda la kuku, mwenyekiti wa kijiji akamwomba mulamu. Akaja na dada. Mimi nikawa utingo wake, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikining'inia nyuma ya lori. Sikuona aibu. Kazi ilikuwa nzuri kuliko jembe.

Lakini bado sijasema jambo lenyewe. Dada alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili. Wote walikufa wakati wa kuzaliwa, baada ya uchungu mrefu, na wa pili alimwacha mama yake hawezi kutembea kwa muda. Nesi wa hospitali ya misheni, ile iliyoko juu mlimani, alimkalisha yeye na mumewe akawaambia wazi: nyonga ni nyembamba, mtoto hapiti. Mimba nyingine ikija, asithubutu kuzalia nyumbani. Aletwe mapema, apasuliwe. Akichelewa hatapona yeye wala mtoto.

Mulamu alirudi na maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa yai abebe mkononi. Dada alipopata mimba ya tatu, lile lori likawa si la kijiji tena machoni pake. Tulibeba mahindi ya kijiji, tulibeba mbolea, tulibeba wajumbe kwenda mikutanoni Muleba, lakini alichokuwa akikitunza ni ile safari moja. Akisikia mlio mgeni anasimamisha gari, anashuka, anainamisha sikio. Na kopo lake la farasi halikosi.

Dada naye hakuacha kumtania juu ya lori. Akituona tunarudi jioni anauliza, "Mke mwenzangu amekula?"

"Amekula," mulamu anajibu.

"Ameshiba?"

"Ameshiba."

"Basi leteni na mimi nile, maana najua zamu yangu ni ya pili."

Siku moja alimfanyia jambo ambalo kijiji kizima kililicheka. Nyumba yao iliingia kunguni. Dada akachukua kopo la dawa ya injini, akamimina yote kwenye maungio ya kitanda, halafu akalijaza kopo petroli ya kawaida na kufunga kifuniko. Mulamu akaja, akavua kofia, akamimina. Tukaenda Muleba tukarudi, na njia nzima ananiambia, "Unasikia? Unasikia inavyoimba?" Jioni dada akamwambia ukweli mbele ya watu.

Mulamu akalichukua kopo, akalinusa. Tukangoja. Akasema, "Basi ni ile ya mwezi uliopita, bado iko mwilini."

"Mwilini mwa kunguni," dada akasema.

Hata yeye alicheka. Lakini wiki iliyofuata alinunua kopo jingine.

Kisha maduka yakaanza kukauka. Mliokuwepo mnakumbuka. Sabuni ilipotea, chumvi ikapotea, petroli ikawa ya kibali, na makopo ya farasi hayakuonekana tena Bukoba nzima. Yule tajiri alikuwa amefunga duka. Mulamu akazunguka akiulizia kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Alikosa usingizi. Dada alikuwa na tumbo la kuonekana sasa, na gari halina dawa.

Hapo ndipo akafikiria gongo.

Lazima nieleze kwa asiyekuwa wa kwetu. Sisi tunakamua ndizi, tunapata lubisi, pombe ya kawaida, tamu, ya wageni na misiba. Wengine huichemsha ile lubisi na kupitisha mvuke kwenye mrija, inatoka gongo, nyeupe kama machozi. Ilikuwa imekatazwa, na ilikuwa ikipikwa. Pale Ngenge aliyeipika vizuri alikuwa bibi mmoja mjane, ambaye pia ndiye mkunga wetu. Na namna yetu ya kupima gongo ni moto. Unamimina kidogo kwenye kisosi, unawasha kiberiti. Ikishika moto wa bluu, ni kali, ni safi, mnunuzi anakubali kwa kichwa. Isiposhika, umeuziwa maji.

Mulamu alisimama pale kwa bibi, akaona kisosi kinawaka. Nilikuwa naye. Akakitazama kile kimoto mpaka kikaisha.

"Mulamu," akaniambia, "kitu kinachowaka hivi, kikiingia kwenye petroli kitafanya nini?"

"Kitalewesha lori," nikasema.

"Kitaongeza moto. Na gongo inakata mafuta, umeona wanavyosafishia mikono? Itasafisha na mabomba."

Bibi akasema, "Mimi napikia watu. Sijapikia gari."

Moto wa kisosi ulipozimika kulibaki maji kidogo chini, kama inavyobaki siku zote, bibi akayamwaga nje. Tumeyaona maji yale maisha yetu yote. Hata gongo inayowaka vizuri nusu yake inaweza kuwa maji, na hakuna aliyejali, kwa sababu mnywaji haumizwi na maji. Lakini petroli na maji hazikai pamoja. Ukizichanganya, maji yanatafuta chini, yanachukua na gongo yake, petroli inapanda juu. Na bomba la tanki linanyonyea chini. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile hakuna aliyekuwa anajua, si yeye, si mimi, si bibi.

Akaanza na kikombe kimoja kwa tanki. Lori likaenda. Asubuhi lilikohoa kidogo kabla ya kushika, akasema linasafisha koo. Kwa kuwa lilikuwa likitikiswa kila siku barabarani na kikombe ni kitu kidogo, lilimeza. Hilo ndilo lililomwaminisha. Akawa anawaambia madereva wengine, na najua wawili watatu waliomwiga.

Halafu akaweka akiba. Kwenye kila kibali alibana petroli kidogo, mwenyekiti akijua na kunyamaza, akaijaza kwenye pipa dogo nyumbani kwake, nyuma ya jiko. Ile ilikuwa petroli ya dada. Hakuna safari nyingine iliyoruhusiwa kuigusa. Na kwa kuwa ingekaa muda mrefu, aliogopa itachuja, itapoteza nguvu. Basi kila alipoongeza petroli aliongeza na gongo, si kikombe sasa, chupa nzima. Iliyo bora kabisa, ya mwanzo wa mrija. Alimwambia bibi amwekee ile, watu wanywe ya mwisho. Pipa likakaa limetulia pale kivulini, wiki baada ya wiki.

Mama alipokuja kutoka Maruku kututembelea, alimwita mulamu pembeni. "Mwanangu, mpeleke akakae huko hospitali. Kuna wanawake wanakaa wakingoja siku zao."

"Wanalala sakafuni, mawe," akasema kwa heshima, maana mawe kwetu ni mama. "Wanajipikia. Nani atampikia? Akae hapa ale vizuri. Gari ninalo, petroli ninayo, na ni petroli yenye nguvu. Nitamfikisha kabla hajamaliza kulia."

Mama akanitazama mimi. Mimi nilitazama lori, na lilikuwa limeoshwa. Dada mwenyewe alisema hataki kwenda kukaa huko kama ng'ombe mnadani, angekwenda mwezi wa mwisho. Tukakubaliana hivyo.

Uchungu haukungoja mwezi wa mwisho. Ulimshika asubuhi, akichambua maharage mlangoni. Wanaume walikuwa shamba la pamoja. Sisi tulikuwa tumerudi jana yake kutoka Muleba na tanki limekauka, lakini hilo halikumtia wasiwasi mulamu, kwani siku hii ndiyo aliyoiwekea pipa. Akaingiza mpira kwenye pipa mpaka chini, akanyonya kwa mdomo, akatema, akaelekeza kwenye debe. Nakumbuka alisema, "Kali." Tukamimina pipa lote kwenye tanki. Tukatandika godoro nyuma, dada akapanda kwa miguu yake, bibi mkunga akapanda naye. Injini ilishika mara moja kwa petroli iliyobaki kwenye kabureta. Mulamu akanitazama kwa furaha ambayo sitaki kuikumbuka.

Tambarare ya Ngenge tuliipita vizuri, ila lori lilikuwa likikohoa. Barabara inapoanza kupanda kwenda juu Muleba, kwenye ile miamba, likakohoa tena, likatetemeka mwili mzima, likanyamaza.

Mulamu akashuka, akafungua boneti. Akafungua bomba, akapuliza kwa mdomo, akafunga. Mimi nikazungusha kile chuma cha mbele cha kuwashia injini. Likashika, likaenda hatua chache kama mtu aliyepigwa rungu, likafa.

"Mmesimama?" dada akauliza kutoka nyuma.

"Tunaipumzisha," mulamu akasema.

"Na yenyewe inajifungua?"

Bibi akacheka kidogo, halafu akaacha. Tulirudia: kupuliza, kufunga, kuzungusha. Mikono yangu ilichubuka. Jua lilikuwa limepanda, mabati ya lori yanachoma, na tulisikia dada akianza kuuma khanga.

Mulamu akaenda kwenye kiti chake, akatoa chupa ya gongo aliyokuwa ameificha pale, akiba ya akiba. Akaitazama, akaenda kwenye tanki, akafungua, akaimimina yote.

"Mulamu," nikasema, "unaijaza tena?"

"Imeishiwa nguvu. Mlima huu unataka nguvu."

Tukazungusha. Baada ya hapo haikukohoa hata mara moja.

"Mume wangu," dada akaita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Liache hilo. Niteremsheni mnibebe."

"Kidogo tu."

"Kidogo umekwisha kusema. Niteremsheni."

Bibi alichungulia nje, akanishika bega, akasema kwa Kihaya, taratibu ili mulamu asisikie, kwamba mtoto amekaa vibaya na damu imeanza. Nikakimbia kurudi kwenye shamba la pamoja. Nilipiga yowe tangu mbali, wanaume wakatupa majembe. Kwetu machela haikatai mtu. Hata adui yako akibebwa, ukikutana naye njiani unaweka bega, unabeba mpaka mwingine atakapokupokea, ndipo unaendelea na safari yako. Tukakata miti miwili, tukafunga mablanketi, tukapanda mbio. Lakini kwenda na kurudi kulikula mchana.

Tulimkuta mulamu ndani ya boneti, mafuta mpaka kwenye nywele. Amefungua kila kitu kinachofunguka. Tulipomlaza dada kwenye machela nilidhani atakuja ashike mti wa mbele. Akasema, "Tangulieni. Imebaki kitu kimoja tu. Nitawakuta njiani, tutampakia, tutafika upesi kuliko miguu."

Dada akageuza kichwa kumtazama. "Usichelewe," akamwambia.

Tukaondoka. Miamba ile ni mibaya kwa machela, wa nyuma anabeba uzito wote, wa mbele anatembea ameinama. Tulipokezana. Watu waliokuwa wakishuka na mizigo waliiweka chini wakachukua mabega, bila kuuliza ni nani. Dada hakulia. Aliuliza kama gari linasikika. Nikasema linasikika. Bibi akatembea pembeni amemshika mkono, na tulipofika pale kilima kinapolegea, ambapo ukisimama unauona msalaba wa kanisa la misheni, bibi akasema, "Mshusheni."

Mmoja akasema, "Hospitali si ile pale?"

"Mshusheni," bibi akasema.

Tukamshusha kwenye majani. Bibi akamfunika uso. Mtoto hakuwahi kutoka. Wale wapita njia walivua kofia, wakangoja mpaka tulipomwinua tena, nao wakabeba kurudi chini pamoja nasi, mizigo yao wakaiacha palepale barabarani.

Mulamu alitusikia tukija kutoka juu. Alitoa kichwa kwenye boneti. Akaona machela inateremka badala ya kupanda. Hakuuliza. Akarudisha kichwa ndani, akaendelea kukaza nati aliyokuwa anaikaza, mpaka mimi nilipomtoa ile spana mkononi.

Tulimzika dada Ngenge, kwa sababu hapakuwa na gari la kumpeleka Maruku. Mulamu alikaa msibani kama inavyopasa, kwenye majani, miguu mbele, hakula, hakukataa chakula, alikishika tu. Watu walimwambia ni mapenzi ya Mungu. Wengine walisema lori lile lilikuwa na mkosi tangu lilipokuja. Yeye alikuwa anasema neno moja kwa kila mtu: "Lilikuwa na dawa." Nadhani alitaka mtu ambishie.

Msiba ulipoanuliwa, mwenyekiti alimwita yule fundi mnene kutoka mjini, kwani lori lilikuwa bado limesimama pale kwenye miamba na mahindi ya kijiji yanaoza. Tukaenda wanne: fundi, mwenyekiti, mulamu na mimi. Fundi alikuwa amesikia habari, hakufanya mzaha. Alilala chini ya lori, akafungua kile kikombe cha kioo cha kuchujia petroli, akakileta kwenye mwanga.

Ndani kulikuwa na vitu viwili. Juu petroli, nyembamba kama kidole kilicholala. Chini kitu cheupe, na kati yao mstari ulionyooka.

"Uliweka nini humu?" fundi akauliza.

"Dawa," mulamu akasema.

"Dawa gani?"

Mulamu alikichukua kile kikombe, akamwaga petroli ya juu taratibu, akachovya kidole kwenye kilichobaki, akalamba. Akachovya tena.

"Maji," akasema.

"Maji na gongo," fundi akasema, "lakini zaidi maji. Yakishaingia humu, petroli haiwezi kupita. Ungepanda na petroli peke yake tankini ungefika."

Mwenyekiti alisema, "Fundi." Fundi akarudi chini ya lori.

Alimwaga tanki lote kwenye madebe, akasafisha bomba na kabureta kwa kitambaa, akafungua galoni ya petroli aliyokuja nayo, akamimina. Hakuweka kitu kingine. Akaniambia nizungushe. Nilizungusha mara moja tu. Injini ilishika, ikanguruma, ikatulia ikawa inakwenda vizuri, sauti moja, bila kikohozi, kama nilivyoisikia siku ilipoletwa kijijini.

"Ni zima," fundi akasema. "Halina ugonjwa wowote."

Mulamu alikuwa amesimama karibu na gurudumu la mbele, ameinamisha sikio kama kawaida yake. Alisikiliza muda mrefu. Mwenyekiti akamwambia, "Haya, dereva, panda tulirudishe kijijini." Mulamu akafuta mikono kwa kitambaa cha fundi, kidole kimoja kimoja, akakitandika kile kitambaa juu ya bampa, akaanza kutembea kuelekea juu. Nikadhani anakwenda kukojoa nyuma ya miamba. Alipita miamba. Nikamwita, "Mulamu." Hakugeuka. Alitembea katikati ya barabara, si haraka, mpaka kona ikamchukua.

Tulimngoja tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya lori, injini ikienda, mpaka fundi akaizima ili petroli isiishe. Hakurudi.